Sehemu ya 14: Daftari la mama

Leo nawapumzisha na habari za homa na chanjo. Naomba tuongelee vitabu.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua mimi ni nesi wa wodi ya wazazi, nina watoto wawili, na mkoba wangu haukosi kitabu. Vingi nanunua kwa wale wanaopanga vitabu vya mtumba chini barabarani. Kazini wananitania, wakikiona kipya wanauliza, "Sista, na hiki dozi yake mara ngapi kwa siku?" Nawajibu mara moja, kabla ya kulala. Wiki iliyopita mwenzangu mmoja akaniuliza swali la kweli: nesi na mashairi ya kale wapi na wapi? Nimelifikiria mpaka nimeona niwajibu hapa.

Kuna utendi mmoja ambao wengi wetu tuliusikia shuleni, tukaukariri kwa ajili ya mtihani, tukausahau. Ni Utendi wa Mwana Kupona. Uliandikwa mwaka 1858 na mwanamke aitwaye Mwana Kupona binti Mshamu, huko Pate, kisiwa cha upande wa Lamu. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu. Alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na mama huyu akabaki mjane na watoto. Ameandika kwa Kiswahili cha kwao, kwa herufi za Kiarabu kama walivyokuwa wakiandika watu wa pwani enzi hizo, na beti zake zinapita mia moja.

Sasa msome kama nesi. Mama anaumwa. Anamwita binti yake asogee karibu, aje na wino na karatasi, kwa sababu ana neno la kumwambia. Anamwambia anataka kumpa hirizi, anataka kumtungia kidani cha lulu na marijani. Lakini hakuna lulu hapo, kuna maneno. Waliokusanya habari zake wanasema baadaye alifariki kwa kutokwa damu kwenye mji wa mimba. Niliposoma hilo niliweka kitabu chini. Kutokwa damu nakujua. Ndiko tunakokimbizana nako usiku, sisi na dripu na damu salama. Yeye hakuwa na wa kumkimbilia hivyo. Alikuwa na wino, karatasi na binti anayeitwa Mwana Hashima.

Na hakuishia kwa binti yake. Mwishoni anawaambia wanawake wote wausome. Mwaka 1934 ulichapwa kama kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na mpaka leo tunao. Wafanyabiashara wakubwa wa wakati ule, wenye majahazi na nyumba za mawe, wengi hatuwajui hata majina. Mama mgonjwa aliyekuwa anaongea na binti yake, tunamjua.

Kwetu Tanga tuna Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 kule Vibambani, kusini mwa mji. Watu wanamwona kama mtu wa kwenye sanamu na majina ya shule. Jamani, alikuwa mtumishi wa serikali kama sisi! Alianza kazi mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, na vitabu aliandika huku ana ajira, uhamisho na familia. Mkewe Amina akafariki, akabaki na watoto. Akaandika Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mtoto wake wa kiume. Yaani yule ambaye leo tunamwita baba wa fasihi ya Kiswahili, usiku alikuwa baba wa kawaida anayejiuliza: nikiondoka, hawa watabaki na nini changu?

Swali hilo nalisikia wodini, ila watu hawalisemi hivyo. Mama anaandaliwa kwenda kujifungua kwa upasuaji, ananishika mkono, "Sista, likitokea la kutokea, mwambieni mwanangu..." Halafu hamalizii. Namwambia tutaongea ukitoka, na karibu wote wanatoka salama, wanasahau walichotaka kusema. Mtoto naye anaondoka na kadi ya kliniki. Kadi naipenda, msije mkasema siipendi. Ina uzito, ina chanjo, ina tarehe za kurudi. Ila haina mahali pa kuandika nani alimpa jina na kwa nini, mvua ilikuwa inanyesha au jua kali, bibi yake alimwimbia wimbo gani usiku ule wa kwanza.

Mama yangu mimi hayo aliyaandika.

Mama ni Mbondei wa Muheza. Ameishia darasa la saba, ameuza machungwa barabarani miaka na miaka, na hajawahi kununua kitabu cha hadithi kwa hela yake. Lakini alikuwa na daftari, lile gumu la kaunta, ambalo nusu ya mbele ni mahesabu ya machungwa na madeni, na ukiligeuza nyuma ni sisi watoto. Kwangu ameandika hivi: "Jumanne. Mvua kubwa. Baba yake amekopa baiskeli ya jirani. Mtoto wa kike, kilo mbili na nusu na kidogo. Amelia mwenyewe."

Amelia mwenyewe. Leo sisi tunampa mtoto alama kwenye dakika ya 1 na tena dakika ya 5, tukiangalia rangi, mapigo ya moyo, pumzi na nguvu ya viungo. Mama yangu hakusomea hayo, ila alijua neno muhimu la kuandika ni lipi.

Mwaka jana mama alipata kiharusi. Upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo mkono wa kulia ukalegea na maneno yakaondoka. Kati ya maneno yote ya mwanamke yule, ambaye soko zima lilimjua kwa mdomo, yalibaki mawili: "ndiyo" na "jamani". Akitaka maji, jamani. Akisikia maumivu, jamani. Akimwona mjukuu wake, jamani. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache sana nchini, kwa hiyo mazoezi mengi tunafanya wenyewe nyumbani, na mazoezi ya mgonjwa wa aina hii yanachosha. Unamwonyesha kijiko, anakijua, unaona machoni kwamba anakijua, jina halitoki. Analia. Na wewe unatoka nje kidogo.

Nikaanza kumsomea daftari lake. Nilitaka tu asikie maneno yake mwenyewe. Kwenye ukurasa wa kaka yangu kuna wimbo wa kubembeleza mtoto, wa Kibondei, ambao yeye aliimbiwa na bibi. Ameandika mistari miwili, halafu nukta nyingi, halafu mteja wa machungwa bila shaka akatokea, maana hapo chini kuna deni la shilingi. Nikajaribu kuuimba. Mimi sauti sina, na Kibondei changu ni cha kuombea chumvi. Mama akaniangalia kama anataka kucheka, halafu akaimba yeye.

Akaimba na maneno.

Kitaalamu si muujiza. Wagonjwa wengi waliopoteza usemi kwa kiharusi cha kushoto wanaweza kuimba wimbo wa zamani, kwa sababu muziki unatumia pia njia nyingine za ubongo, hasa za upande wa kulia. Nililijua hilo, lilikuwa kwenye masomo. Lakini kulijua ni kitu kimoja, na kumsikia mama yako akipita mstari wa pili, akapita zile nukta, akaendelea na mistari ambayo haikuandikwa popote, ni kitu kingine. Binti yangu wa miaka 6 alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nilimwambia, "Mama, niletee kalamu, haraka."

Niliandika nilichowahi. Maneno mengine yalitoka yamekatika, nikampigia mama mdogo Muheza, akanirekebishia mstari mmoja. Kuna mstari mwingine hakuna anayeukumbuka, na mama kila akifika hapo anavuta sauti tu. Nimeuachia nafasi. Wimbo ukiisha, mama anarudi kwenye "ndiyo" na "jamani" yake, sitaki kuwadanganya. Ila binti yangu sasa anauimba kwa mdogo wake, pamoja na ile nafasi.

Kwa hiyo tukisema urithi wa utamaduni, mimi siwazi makumbusho kwanza. Nawaza kitu ambacho kilikuwa kwenye kichwa cha mtu mmoja, na mshipa mmoja wa damu ukiziba kinaondoka.

Najua mtaniuliza: sista, si wewe kila siku unatukataza mambo ya bibi zetu? Kweli. Na daftari la mama lina mambo hayo. Pale kwangu ameandika kwamba siku ya tatu nilipewa maji ya sukari kwa kijiko. Leo tunafundisha maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, maji hapana. Sikuufuta ule mstari. Nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Siku hizi hatufanyi hivi," na sababu yake. Hata Mwana Kupona nasoma hivyohivyo. Anavyomfundisha binti yake kumtii mume, kuna beti ambazo binti yangu sitampa zikiwa peke yake bila maongezi. Lakini anamfundisha pia kuwa na adabu na ulimi, kuwa msafi, kuwajali wanyonge. Urithi ni kama dawa za kabatini. Hutupi kabati zima kwa sababu kichupa kimoja kimepitwa na wakati. Unasoma lebo.

Sasa kazi yenu ya wiki hii, na haihitaji uwe mwandishi. Chukua daftari lolote. Andika siku mtoto wako alipozaliwa kwa maneno matano au sita: hali ya hewa, nani alikupeleka, alilia vipi. Andika jina lake alipewa na nani na lina maana gani. Halafu mpigie mama yako, au mama mkwe, au bibi kama bado yupo, umwombe wimbo mmoja aliowabembelezea watoto. Uandike kwa lugha yake, Kisambaa, Kihaya, Kimakonde, yoyote ile, hata kama hujui tahajia yake. Mrekodi kwa simu pia, ila uandike, maana simu zinaibiwa. Ukiona nafasi ya neno usilolijua, iache wazi, usibuni.

Na ukiwa mjamzito, usingoje mlango wa chumba cha upasuaji ndipo uanze "mwambieni mwanangu". Anza leo, ukiwa mzima, kwa kalamu, huku chai inachemka.

Mimi naingia zamu ya usiku. Sehemu ya 15 tunarudi kwenye kunyonyesha, wale wa chuchu zenye michubuko nawaona, sijawasahau.