Kaburi la Mgongo

Nilivuka daraja la Kyaka kuelekea Karagwe nikiwa na Ngorongoro kichwani. Kwenye kreta ile yapo marundo ya mawe ambayo, yalipofukuliwa, yalitoa mifupa ya watu, mabakuli ya mawe na shanga za wafugaji walioishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Karagwe nako ni vilima, mawe na ng'ombe. Nikajiambia, yatakuwepo tu.

Siku ya pili nilikuwa Nkwenda, wilayani Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Nilishahesabu marundo kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa kubwa, limeota nyasi, nami nikalizunguka na simu nikipiga picha. Mzee mmoja akaacha kupalilia migomba, akaegemea jembe kunitazama.

"Shikamoo, babu. Hapa kazikwa nani?"

"Marahaba. Hapo? Hapo umezikwa mgongo wangu, mjukuu. Tangu ujana nalima hapa, kila jiwe nalitupa hapo. Ukitaka chimba, utanipunguzia."

Nikamweleza kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni kabla ya kuchimba mambo ya kale. Akacheka mpaka akakaa chini. Mawe yake yamekuwa ya kale lini?

Kesho yake bodaboda ilinipeleka Bweranyange, penye ikulu ya zamani ya ufalme wa Karagwe. Wasafiri wa Kizungu, Speke na Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika Novemba 1861, na Speke akaandika alivyosimuliwa mazishi ya Ndagara, baba wa Rumanyika. Maiti ilishonewa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ikaelea ndani ya mtumbwi ziwani siku tatu. Funza watatu wakatolewa, wakageuka simba, chui na fimbo. Kisha mfalme akapandishwa kilimani, asifukiwe: akajengewa kibanda, wakaingizwa wasichana watano na ng'ombe hamsini, mlango ukazibwa, wote wakafa njaa.

Ya funza nawaachia wasimulizi. Ya ng'ombe hamsini naisadiki, kwa nchi iliyopima ukubwa wa mtu kwa mifugo. Wale wasichana hawakutajwa hata majina.

Kibanda huoza. Nimezunguka siku tatu nikisaka mawe, kumbe Ndagara, kwa simulizi hiyo, hakuwekewa hata moja.

Yule mzee aliniomba picha ya rundo lake. Nimeshamtumia.