Ndugu Wakija Shamba, Wape Jembe

Kama unataka kuijua ndoa yako vizuri, achana na hoteli za Zanzibar. Pokea ndugu wa mumeo shamba wiki mbili mfululizo, mwezi wa nane, halafu tuongee.

Sisi tunaishi Wilaya ya Kibaha, kati ya Mlandizi na Soga. Mwezi wa nane huku ni bomba: masika yameshapita, usiku kuna kibaridi cha kutaka shuka zito, mikorosho imeanza kutoa maua. Ndiyo maana ndugu hawaishi. Nane Nane ni sikukuu, watoto walioko Ulaya wako likizo, na tangu Juni 2024 treni ya umeme, ile ya kawaida, inasimama Soga. Kutoka Dar ni kama kilomita 51. Zamani ukitaka kuja kwetu ilikuwa lazima ukale foleni ya Kimara na Mbezi. Siku hizi mtu anakupigia simu akiwa stesheni, hujakaa sawa bodaboda imeshaingia uani.

Safari hii alikuja wifi yangu anayeishi Uingereza, pamoja na wanawe wawili. Mume wangu ni Mzaramo wa Maneromango, Kisarawe, mimi Mnyamwezi wa Tabora. Hapo si unajua, ni utani mtupu! Majirani waliponiona nachinja kuku wa wageni walikuja na sahani zao bila kualikwa, wakadai mtani hanyimwi.

Kabla wageni hawajafika, mimi na mume wangu tulikaa chini tukapanga mambo mawili. La kwanza mshiko: hela ya chakula tuliiweka pembeni, ikiisha ni kisamvu tu, hakuna kukopa. La pili kazi: yeye maji, mkaa na matembezi ya wageni, mimi jiko. Wanawake wenzangu mnanielewa. Wageni ni wa kwake, halafu yeye yuko barazani anapiga stori huku wewe moshi unakutoa machozi. Ugomvi wa namna hiyo huwa unamaliziwa chumbani usiku.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nikampa wifi kisu na mihogo. Wanawe nikawakalisha kwenye mbuzi wakune nazi. "Mkaza mjomba, hii nazi haitaki!" alilalamika yule mdogo. Tulicheka mpaka basi.

Tukiwa tunamenya, wifi akatoa la moyoni.

"Wifi, mimi natuma hela kila mwezi. Kwa nini mama bado anakaa peke yake kule Maneromango, na nyinyi mna nyumba kubwa hivi?"

Kwa kweli lilinichoma. Kwenye simu angeniuliza vile, yaani tungenuniana mwaka mzima. Lakini mtu mmekaa kigoda kwa kigoda, vidole vimejaa utomvu wa mihogo, unamwona usoni kwamba hakutukani, anaumia. Nikamjibu, "Wifi yangu, jibu la hilo halipo hapa jikoni. Twende ukamuulize mwenyewe."

Jumamosi tukatoka Mlandizi na gari, tukapita Mzenga, penye stesheni ya TAZARA, mpaka Maneromango. Vumbi tulikula la kutosha. Baada ya shikamoo na machozi ya furaha, mama mkwe hakutaka hata tukae. Alitutembeza kwenye mikorosho yake, mti mmoja mmoja, halafu kwenye kaburi la baba mkwe. Wifi akamuuliza. Mama akamshika mkono.

"Mwanangu, hela zako nazipata, Mungu akuzidishie. Lakini hapa nikikohoa usiku, jirani anagonga mlango. Kibaha nitakuja, ila nitakuja kama mgeni."

Wifi alilia, na mimi nikalia. Siku ileile tukapanga: binti wa jirani awe analala kwa mama, sehemu ya hela ya kila mwezi iwe yake, na mume wangu abadilishe bati la jikoni kabla ya mvua za vuli. Basi, likaisha.

Tulirudi kwa kupitia Kisarawe mjini, watoto wakaona vilima na msitu wa Pugu-Kazimzumbwi. Mjomba wao akawasimulia habari za mapango yaliyochimbwa udongo mweupe wa kaolini, sasa yamejaa popo, na Shule ya Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Walichokikumbuka zaidi ni popo. Watoto bwana!

Kwa hiyo msomaji wangu, ukitegemea ugeni shamba, pangeni hela na kazi na mwenzio mapema. Hakikisha vyandarua vinatosha na madumu yamejaa maji. Watoto wapelekwe wakamwone bibi yao, hata kama njia ni ya vumbi. Na mgeni usimwache barazani siku zote kama picha ya ukutani. Mpe kisu, mkae mmenye mihogo. Kama kuna neno limemkaa moyoni mwaka mzima, atakwambia hapo.