Nyoka wa Mango na Mwanagenzi wa Kitale

Aghalabu mwanafunzi anayekwenda Makavazi ya Kitale kwa mafunzo ya nyanjani huwaogopa nyoka kwa siku mbili tatu tu. Baadaye huzoea. Hubadilisha maji, hukagua kufuli mara mbili, na hujua kwamba jicho la nyoka likitanda ukungu, mwenyewe yu karibu kujivua gamba, asisumbuliwe. Kazi ngumu humjia na basi la watoto kutoka Bungoma.

Wamepita Webuye, Kamukuywa na Kiminini wakiimba. Huonyeshwa wadudu na ndege waliokusanywa na Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyeanzisha makavazi yake ya binafsi mnamo 1926, na ambaye hazina yake ililiachia taifa msingi wa makavazi yaliyofunguliwa mjini Kitale mwaka wa 1974. Hayo hupita upesi. Watoto hawana subira na vipepeo waliokauka. Mbele ya nyoka ndipo swali hutoka: mbona hawa hawauawi?

Swali hilo si utundu. Mtoto wa Kibukusu amekuzwa na kisa cha Mango, aliyejificha katika pango la Mwiala akamngoja joka Yabebe, mla watu na mifugo, akamkata kichwa. Baadhi ya wasimulizi huongeza kwamba kichwa kile kiliuma mti, majani yakanyauka. Kwa ushujaa huo Mango alitahiriwa, na hata leo, kila Agosti ya mwaka usio witiri, jando la Wabukusu humkumbuka.

Mwanagenzi naye amesoma biolojia kwa Kiingereza tangu shule ya upili. Sasa yampasa aseme Kiswahili, lugha ambayo yenyewe imekwisha kutoa hukumu: mnafiki huitwa nyoka, na mwana wa nyoka, twaambiwa, ni nyoka. Wapo wanaoikimbia shida hii kwa kumwita Mango hekaya tupu. Watoto hunyamaza kwa adabu, na somo hufia hapo. Ni kosa kubwa, kwani anayemdharau Mango amemdharau babu aliyekisimulia kisa.

Aliye stadi hukiingia kisa chenyewe. Mango alimwua joka mmoja, nalo lilikuwa limeua watu. Je, yupo msimulizi asemaye kwamba alifululiza shambani kuwasaka wengine? Kisha huwataja kwa majina. Chatu hana sumu, hukaba windo lake. Swila na kifutu wana sumu kali. Majina haya si pambo la msamiati. Asiyejua ila neno moja, nyoka, atampiga hata yule asiye na sumu anayewala panya wa ghala la mahindi, na katika Trans Nzoia na Bungoma mahindi ndiyo ada ya shule.

Wala hafichi hatari. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka wa 2017. Basi huwarudisha watoto kwenye jambo lenyewe: aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, jeraha lisichanjwe wala kunyonywa, mguu usifungwe kamba ya kukaza, apelekwe hospitali mara moja. Pengine mwalimu huomba maneno hayo yarudiwe kwa Lubukusu kwa ajili ya wadogo, na mwanagenzi aliyetoka mbali hulazimika kusimama kando dereva wa basi akifasiri.