Ukuta Usioficha

Watu husema kuwa kuwafundisha watoto wadogo kuchora ni kazi nyepesi kuliko kazi zote za shule. Nami niliamini hivyo nilipoianza. Sikuichagua, nilipewa. Nilikuwa mgeni shuleni, na kipindi cha kuchora kilikuwa kama yatima: kila mwalimu alimsukumia mwenzake, mpaka kikaniangukia mimi, kwa kuwa mgeni hana kauli.

Desturi yangu ilikuwa moja. Nilichora mwembe ubaoni, watoto wakaunakili. Aliyeukaribia mwembe wangu alipata alama nyingi. Aliyekwenda mbali nao alipata chache. Sikujua ya kuwa nilikuwa napima utii wao, wala si uchoraji wao.

Siku moja niliwaambia watoto wa darasa la pili wachore nyumba zao. Msichana mmoja alichora nyumba ambayo ukuta wake ulionyesha vyote vilivyokuwamo: kitanda, mtungi, na mtu aliyelala. Nilishika kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya kitanda, nikaandika kuwa vitu vya ndani havionekani kwa nje. Nikampa alama tatu katika kumi, na moyoni niliona kuwa nimetenda haki.

Tangu siku ile mtoto yule hakukosea tena. Nikichora mwembe, alichora mwembe. Nikichora kikombe, alichora kikombe. Lakini nilipowaambia wachore wapendavyo, alikaa na karatasi tupu mpaka kengele ikalia. Niliudhani ukimya wake kuwa ni adabu, nikamsifu. Mwalimu mmoja mtu mzima, aliyefundisha darasa la jirani, aliiona ile karatasi yenye mstari mwekundu miongoni mwa karatasi nilizoziweka, akaniuliza, "Mwanangu, ulimwuliza mtoto huyu aliyelala ni nani?"

Sikuwa nimemwuliza. Nilimwita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Huyu uliyemchora ni nani?"

"Ni mama. Anaumwa, hatoki nje."

"Mbona basi hukuchora ukuta?"

"Niliuchora, Mwalimu. Lakini ukimficha, mtu hatajua kuwa mama yumo."

Nilikosa la kujibu.

Baadaye nilitafuta maarifa niliyopaswa kuwa nayo kabla ya kushika chaki. Nilijifunza kuwa Mfaransa Georges-Henri Luquet, katika kitabu chake cha mwaka 1927 juu ya michoro ya watoto, alieleza ya kwamba mtoto mdogo huchora anachokijua kuliko anachokiona. Kabla yake, mwaka 1897, Franz Cizek alikuwa amefungua mjini Vienna darasa ambalo watoto walichora yaliyomo mioyoni mwao badala ya kunakili vielezo vya mwalimu. Nilitahayari. Jambo nililoliita kosa lilikuwa limekwisha elezwa na wengine kabla sijazaliwa.

Basi nikaanza upya. Kalamu nyekundu niliiondoa katika michoro. Kila mchoro niliutanguliza kwa swali: hapa pana nini? Rangi zilipokosekana tulitumia mkaa, majivu na udongo wa mfinyanzi. Niliwakumbusha wenzangu waliolalamikia umaskini wa shule kwamba Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari.

Huenda msomaji akauliza: kama mwalimu hasahihishi, anafundisha nini? Mengi. Hufundisha kuwa manjano na buluu zikichanganywa huzaa kijani. Hufundisha kuwa udongo usiokaushwa vema huhifadhi maji, nao hupasuka motoni. Hufundisha kumtazama mbuzi kwa makini kabla ya kumchora. Vivuli na umbali vina wakati wake; mtoto akikua huvitafuta mwenyewe, na hapo mwalimu hana budi awe tayari. Lakini kumfundisha mtu kusema ni jambo moja, na kumchagulia maneno yake yote ni jambo jingine.

Nilimwomba radhi yule msichana mbele ya wenzake. Alinitazama kwa mshangao, maana hakuzoea kuona mkubwa akimwangukia mdogo. Zilipita wiki nyingi kabla hajachora kitu chake mwenyewe. Kwanza alichora kuku, kisha kisima na watu waliokizunguka. Nyumba hakuichora tena muda wote aliokuwa mwanafunzi wangu, wala sikumshurutisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Cheti cha ualimu nilikipata chuoni, nami nakiheshimu. Walakini ualimu wa kuchora niliuanza siku ile niliposimama mbele ya mtoto mdogo bila jawabu, na karatasi yake mkononi, nikiutazama mstari nilioupiga juu ya mama yake.