Siku ya posho: tulionja vya dukani na vya soko



Watoto wetu wanatuomba kila siku vile vyakula vipya vya maduka makubwa ya mjini. Basi siku ya posho iliyopita, wamama sita, tulichanga franga tukaenda kuvionja wenyewe.

Dukani kuna baridi na mwanga mwingi. Tulitembea polepole tukisoma etiketi: biskuti za Afrika Kusini, vinywaji vya Zambia, vitu vilivyopita Kasumbalesa mbele ya kufika kwetu. Pesa yetu ilitosha vitu vitatu: polonyi, maheu ya chupa, na kopo la unga wa uji wa mtoto. Wakati wa kurudi tulishukia soko la Kenya, tukanunua kikanda, munkoyo, karanga na ndakala. Tukapanga vyote juu ya meza katika lupango la mwenzetu, chini ya mwembe.

Polonyi na kikanda. Polonyi ni laini na ina chumvi nyingi. Watoto waliimaliza mbio. Kikanda hakina nyama hata kidogo: ni viazi vidogo vya maua ya porini vilivyotwangwa, vikapikwa na unga wa karanga na pilipili. Lakini ukikikata vipande, mgeni atasema ni nyama. Watu wazima wote tulichagua kikanda. Jambo moja lilitusikitisha: ukichimba kile kiazi, ua lenyewe linakufa, na wachimbaji wanakwenda mbali zaidi kukitafuta. Tukile kwa kiasi.

Maheu na munkoyo. Maheu ya chupa ni mazito na matamu, na sukari imeandikwa kwenye etiketi. Munkoyo utamu wake unatoka katika mizizi inayotiwa ndani ya uji wa mahindi; mizizi ile inaulegeza uji na kugeuza unga kuwa utamu. Kura: maheu mbili, munkoyo nne. Ila ulizeni muuzaji kama maji yake yalichemshwa.

Uji wa mtoto. Hapa kicheko kilikwisha. Mmoja wetu alisoma kwa sauti vipimo vya kopo: vijiko kadhaa vya kujaa kwa maji kiasi fulani. Mama Mapasa wetu akanyamaza. Halafu akasema: «Mimi natia nusu. Watoto ni wawili, kopo ni moja.» Tangu miezi miwili mapasa wake walikuwa wanashiba maji. Ndiyo maana walilia usiku, na yeye alifikiri ni meno.

Hakuna aliyemgombeza. Nani kati yetu hajawahi kurefusha kitu kwa maji? Tulihesabu pamoja: kwa bei ya kopo lile tungepata meka kadhaa za unga wa mahindi, pamoja na karanga. Tukawasha mbabula, tukapika uji mzito, tukatia karanga za kukaanga zilizosagwa na ndakala zilizotwangwa zikawa unga. Mapasa walikula wote wawili, wakalala pale pale juu ya kitenge.

Kopo lenyewe si baya. Uji wake ni mzuri ukifuata vipimo. Lakini kama huwezi kulinunua kwa kipimo chake, uji wa nyumbani ulio mzito unashinda uji wa kopo ulio maji.

Mambo ya kushika:

- Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Baada ya hapo uji unaanza, na kunyonya kunaendelea.
- Uji mzuri unakaa juu ya kijiko, haumwagiki kama chai.
- Ukiwa mzito sana kwa mtoto, usiongeze maji. Loweka ulezi usiku mmoja, uache uote siku mbili au tatu, uanike, uusage. Kijiko kimoja cha unga huo kinaulegeza uji, karibu kama mizizi ya munkoyo. Urudishe motoni uchemke tena.
- Usinunue karanga zenye ukungu, hata kwa bei ya chini.

Mama Mapasa mwenyewe alituomba tuandike habari hii. Siku ya posho ijayo tutaonja mafuta ya kupikia. Kila mmoja alete yale anayotumia nyumbani, hata kama ni kidogo ndani ya chupa.