Kabla Ulaumu Mikono Yako, Angalia Mguu

Wasee, kabla mtu aende kukopa pesa ya cherehani mpya, wacha niseme kitu kimoja: angalia mguu kwanza. Si mguu wako. Naongea juu ya kale kachuma kanakandamiza kitambaa chini ya sindano.

Mimi nilijifunza vibaya. Shosho alipotuacha, leso zake nne zilibaki kwa mamangu. Zilikaa kwa sanduku mwaka mzima, hakuna mtu wa kuzigusa. Siku moja nikamwambia, "Mum, nipee nizishone ziwe kwilti." Yaani lile blanketi la viraka lenye tabaka tatu: viraka juu, kitu cha joto katikati, na kitambaa kizima chini. Alinyamaza kidogo, halafu akanipea mbili tu. "Anza na hizo." Nilielewa. Niko kwa majaribio.

Kuunganisha viraka kulienda poa. Shida ilianza nilipopanga tabaka zote tatu na kupitisha mishono juu yake. Kitambaa cha chini kilikuwa kinaenda, cha juu kinabaki. Kufika mwisho wa mstari, nikapata mkunjo mnene, tena pale pale kwa jina la leso. Yale maneno shosho alikuwa anapenda yakakunjamana hadi hayasomeki.

Nikafumua, nikashona tena. Mkunjo ukarudi. Mara ya tatu nikaona leso imeanza kubaki na mashimo ya sindano, nikaacha. Nilijiambia tu sina mkono wa kushona.

Nikapeleka kwa mama mmoja fundi hapa mtaani. "Mama, nadhani cherehani yangu imeharibika." Akaangalia, akacheka. "Mashine haina shida, mtoto wangu. Mguu ndio si wa kazi hii."

Sikia venye alinielezea. Chini ya sindano kuna meno yanayosukuma kitambaa. Hayo meno yanashika tabaka ya chini pekee. Mguu wa kawaida hauna meno, unakandamiza tu, kwa hivyo tabaka ya juu inachelewa. Kwa shati huoni tofauti. Kwa tabaka tatu nene, kila mshono unaongeza kuchelewa kidogo, na mwisho wake ni mkunjo.

Dawa yake ni mguu wa kutembea. Huo ni mkubwa, una meno yake mwenyewe, na una kamkono kanakaa juu ya skrubu inayoshika sindano. Sindano ikipanda na kushuka, mguu nao unapiga hatua, unasukuma tabaka ya juu sambamba na ya chini. Ni wa mistari iliyonyooka na kona za polepole.

Ukitaka kuchora maua na mizunguko, huo si wako. Tafuta mguu wa kudarizi, ule wenye ka-ring mbele, halafu ushushe meno ya mashine au uyafunike. Hapo mikono yako ndiyo inaendesha kitambaa. Na kwa kuunganisha viraka kuna mguu wa robo inchi, kama milimita 6. Usidharau hiyo robo. Ukizidisha milimita 1 tu kila upande wa mshono, mishono 10 imekula sentimita 2, na viraka vyako havitakutana.

Sasa, usikimbie dukani kama mimi. Muuzaji mmoja tao aliniambia, "Huu unaingia mashine yoyote." Haukuingia. Nauli na nusu siku zikaenda. Shusha mguu ulio nao, pima kutoka bamba la chini hadi skrubu inayoushikilia. Ikiwa nusu inchi hadi robo tatu hivi, hiyo ni shanki fupi. Ikikaribia inchi moja au ipite, ni shanki ndefu. Cherehani nyingi za nyumbani ni fupi. Ukiweza, beba mguu wako wa zamani uulinganishe pale pale dukani.

Maoni yangu ni haya: tunakimbilia sana kusema "mimi sijui" au "mashine yangu ni mbaya". Wengine wetu hata tunaacha kabisa. Mara nyingi kinachokosekana ni kitu kidogo ambacho hakuna mtu alituonyesha. Mguu wangu wa kutembea ulinigharimu pesa kidogo sana ukilinganisha na cherehani mpya.

Jumapili nilimaliza mstari wa jina. Mamangu alipitisha kidole pale, akalisoma kwa sauti. Mashimo bado yanaonekana ukikaribia, na hakusema kitu juu yake. Aliingia chumbani, akarudi na zile leso mbili zingine, akaziweka mezani.

Bado sijazikata. Naanza na mguu wa robo inchi, polepole.