Usitie Sahihi Usichokipima



Mabomba ya kiwanda yakikamilika, mkandarasi hukabidhi pia faili: nambari ya kila kiungo, alama ya fundi aliyekichomelea, vyeti vya chuma, picha za eksirei za viungo vilivyokaguliwa. Tena ripoti ya kupima kwa maji, kwa kawaida presha mara 1.5 ya ile iliyokusudiwa, angalau dakika 10.

Baadaye bomba linafunikwa. Kwa nje, kiungo kibovu na kizuri havina tofauti. Faili ikijazwa uongo, siku mvuke utakapofunguliwa kuna baba wa watu amesimama hapo karibu.

Soma 1 Wakorintho 3:13. Kazi yako nayo itapimwa. Leo, usitie sahihi usichokipima.

Mungu akubariki. Amina?